Aliyeitunza Bunduki ya Kanuti

Ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na nne Juni, mwaka 2019, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Editruda alikuwa akiitazama saa ya ukutani, akisubiri muda wa kumpa mumewe dawa. Kanuti, ambaye tangu asubuhi alikuwa hasemi, akafumbua macho akasema.

"Ile bunduki ya babu apewe mtu mmoja, yule aliyeitunza. Msiigawe tena. Mimi nimeshaigawa vya kutosha."

Akaukaza mkono wake juu ya mkono wa mkewe, akashusha pumzi, na pumzi nyingine haikuja.

Chumbani walikuwa wawili tu. Neno lile lilisikiwa na mtu mmoja, na mtu huyo ni mjane asiyethubutu kulipunguza wala kuliongeza, maana wasia wa marehemu ni deni mbele za Mungu.

Sogeeni karibu, basi, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii haina haraka, na mwenye jibu alifumbate mkononi mpaka nimalize.

Babu yake Kanuti alikuwa askari katika vita vya Wajerumani na Waingereza. Alirudi kwao juu ya milima ya Mahenge na bunduki ya risasi moja moja, yenye mtutu mrefu na mti mweusi wa kuegemeza begani. Waliozaliwa baadaye hawakuamini. Walisema bunduki ile ni gobore la mhunzi wa bondeni, na babu mwenyewe alikuwa mpagazi, alibebeshwa masanduku ya wazungu akarudi na mabega yenye sugu. Kwenye pombe za mavuno Kanuti aliitwa Jenerali Gobore. Alicheka pamoja nao, kisha akatafuta sababu ya kuondoka mapema. Alizeeka hivyo.

Miaka ishirini na miwili kabla ya kifo chake, wadogo zake wawili waligombania mpaka wa shamba. Mmoja akaikimbilia bunduki ukutani, mwingine akaidaka, wakavutana mpaka mti ukapasuka. Kanuti aliwanyang'anya, na jioni ile akaifungua vipande vitatu.

"Bunduki nzima ina hasira," alimwambia mkewe. "Ikiwa vipande ni vyuma na kuni tu."

Sasa wasikieni watu watatu, na vipaji walivyojaliwa.

Remigi, mwana wa kiume, alijaliwa ukimya. Yeye alipewa mtutu, akauficha juu ya dari, katikati ya mianzi. Mwaka wa njaa walimjia majangili kutoka ng'ambo ya mto, na gunia la mchele na mbuzi wawili. Walijua mtutu upo, hawakujua ulipo. Remigi aliwaambia hana. Watoto wake walikuwa wakilala na uji wa pumba, naye akawaambia hana. Walirudi mara ya pili bila mchele, wakamvunja mkono wa kushoto. Mkono ulipona ukiwa umepinda, na mpaka leo hawezi kunyanyua ndoo nao. Mtutu haukutoka darini.

Gaudensia, binti mkubwa, alijaliwa ukaidi. Yeye alipewa komeo, kile chuma kinachofunga risasi kwa nyuma kama komeo la mlango, akakizika ndani ya chungu cha unga. Mumewe, Filbati, alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Siku aliyokigundua alikipima kwa kiganja akasema, "Hiki kinaenda kwenye mzani, au wewe unaenda kwenu." Gaudensia alimjibu, "Nipishe nifunge mizigo." Alipanda mlima na watoto watatu, komeo likiwa limefungwa kwenye pindo la kanga. Hakuolewa tena. Komeo halikufika kwenye mzani.

Athumani, jirani na seremala, alijaliwa mikono. Yeye aliletewa ule mti uliopasuka. Kanuti alimpa na ubao mzuri wa mninga, akamwambia achonge mpya, kazi ya siku moja. Athumani aliugeuza mti wa zamani, akaona kitu, akaurudisha ubao wa mninga. Siku tisa alishinda na vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti, akiziba ufa mmoja. Siku zile zile macho yalianza kumuuma. Mwaka uliofuata hayakuona tena. Yeye mwenyewe hasemi kwamba ni ule mti. Wala hasemi kwamba siyo.

Mti ukarudi kwa Kanuti, ukakaa uvunguni mwa kitanda.

Kwao, marehemu akifikisha arobaini, kila kitu alichokishika mkononi huoshwa kabla ya kugawiwa watu, ili mtu asiondoke na jasho la mfu. Editruda aliosha jembe, akaosha kigoda na rozari. Kisha akauvuta ule mti uvunguni. Ulikuwa mweusi tii, wenye mafuta ya mikono ya vizazi vitatu. Aliusugua kwa maji na majivu, weusi haukutoka. Akachuma majani ya msasa, yale ya kulainishia vinu, akausugua asubuhi nzima akimwombea mumewe, mpaka mti ukawa mwekundu, laini kama shavu. Akaupaka mafuta ya nyonyo. Alipomaliza alilia kidogo, kwa kuwa ulikuwa umependeza, na Kanuti hayupo kuuona.

Ili wasia utimie, bunduki ilipaswa kuwa nzima. Alimwendea padri wa parokia, padri akaandikia nyumba ya makumbusho. Wakamtuma mtu ajuaye silaha za kale, Bwana Mwambungu, na barua ya ruhusa kutoka polisi.

Bwana Mwambungu alitandika shuka jeupe juu ya meza. Remigi akaweka mtutu. Gaudensia akaweka komeo. Editruda akauleta mti, umefungwa kwa kitenge kama mtoto.

Yule bwana aliusogeza mtutu kwenye mwanga wa dirisha, akautazama kwa lenzi. "Hapa kuna alama ya taji. Namba elfu nne, mia moja sabini na tatu. Kutu hii ni ya kweli. Mjini wapo mafundi wanaozeesha chuma kwa chumvi na chai, lakini yao hukaa juu juu kama poda. Hii imekula ndani."

Akashika komeo. "Sabini na tatu. Tarakimu mbili za mwisho. Vinajuana hivi."

Remigi, ambaye huwa hacheki, akatabasamu.

Kisha Bwana Mwambungu akaufungua ule mti kwenye kitenge. Aliunusa. Akapitisha kidole.

"Nani ameusugua?"

"Mimi, baba," akasema Editruda. "Ni vya marehemu. Tulikuwa tunaosha."

"Mama, uchafu ule ndio uliokuwa shahidi. Hapa ubavuni palikuwa na mhuri, na namba. Sasa sioni kitu. Mti huu unaweza kuwa wa mwaka jana." Alisema kwa upole, na upole ule ulimuumiza zaidi. "Bunduki ambayo vipande vyake vyote ni vyake tangu kiwandani, hiyo ni hazina. Ingewapatia thamani ya nyumba. Ya kuungaunga, mtutu wa huku na mti wa kule, haifiki bei ya mbuzi. Wala siwezi kuandika kwamba ilibebwa na babu yenu. Nitaandika: haijulikani."

Editruda aliketi chini, palepale sakafuni. Miaka sabini mumewe ameitwa mwongo, na yeye, kwa mikono yake na sala zake, amekuja kuwapa ushahidi waliomcheka.

Mlangoni ikasikika fimbo. Athumani alikuwa ameongozwa na mjukuu wake kuja kumsalimu mgeni.

"Mbona kimya kama mmefiwa mara ya pili? Nipeni hiyo kuni niishike." Akapewa. Akaipapasa, akacheka. "Shemeji, umeipaka mafuta kama bibi harusi. Unamwoza nani?"

"Nimeiharibu, Athumani. Nimefuta namba."

"Umefuta ya nje." Vidole vyake vilitambaa mpaka kwenye ufa, ufa aliouziba yeye. "Huu ndio wenyewe. Njiti zangu hizi, kumi na saba. Bwana mkubwa, una bisibisi? Fungua hilo bamba la chuma huku kitakoni. Usilazimishe. Parafujo ya chini hukaza, ya juu ni mpole."

Bwana Mwambungu akafungua. Chini ya bamba, mahali ambapo jani la msasa halikufika, mti ulikuwa bado mweusi. Na juu ya weusi ule, namba iliyopigwa kwa chuma cha moto: 4173, na taji dogo juu yake.

"Hiyo ndiyo iliyonifanya nirudishe ubao wa mninga," akasema Athumani. "Nilijua namba haipigwi bure. Nikamwambia Kanuti, hii kuni ina jina lake."

Hapo Bwana Mwambungu akavua miwani, akawapa mkono wote mmoja mmoja, akaanza na mjane. Bunduki ni ya kweli, na imetimia. Makumbusho yataichukua, kwa kuwa haiwezi kukaa kijijini, na malipo yake atapewa mwenyewe aliyeitoa. Kwenye kabati la kioo litaandikwa jina la babu askari, na chini yake jina la mtunzaji. Akaweka karatasi mezani. Ilikuwa na mstari mmoja, wa jina la mtunzaji.

"Alhamisi napita kuichukua. Mstari ukiwa mtupu, bunduki itaingia kama kitu kisicho na mwenyewe. Hata jina la babu halitaandikwa, maana nani atakuwa amelileta?"

Editruda ndipo akawaambia neno la Kanuti, lote kama alivyolisikia. Apewe mtu mmoja. Yule aliyeitunza. Msiigawe tena.

Walisubiri kidogo kwa heshima ya marehemu, kisha wakasema.

"Bila mtutu," akasema Remigi polepole, akiukunja ule mkono uliopinda, "hakuna bunduki. Kuna mwiko wa ugali."

"Na bila komeo una bomba la maji, kaka," akasema Gaudensia. "Mimi nilitoa ndoa. Wewe mkeo yuko nyumbani anakupikia."

"Bila kuni yangu," akasema Athumani, "mna vyuma vya kumpelekea Filbati mzanini. Naye atawapunja." Kisha akaacha mzaha. "Lakini mimi si damu yenu, Mama Gaude. Ukiniacha sitanung'unika. Ila usiniache kwa sababu hiyo."

Remigi alitazama chini. "Mama. Baba alipokuwa anasema, mkono wake ulikuwa wapi?"

"Juu ya mkono wangu."

"Basi labda alikuwa anakutaja wewe. Mti ulilala chini ya kitanda chako miaka yote hiyo."

"Mimi?" akasema Editruda. "Mimi ndiye niliyeufuta."



Jumatatu alikwenda kwa padri. Padri alisema, "Mama, Suleimani alikuwa na upanga na mtoto mmoja. Wewe una kalamu, na wote watatu ni mama halisi. Nitakuombea." Jumanne alifunga. Jumatano alikwenda kaburini, akakaa mpaka jua likamchoma, akauliza kwa sauti, kama anavyouliza mtu aliye chumba cha pili. Kanuti hakusema. Alishasema yake.

Alhamisi asubuhi gari la Bwana Mwambungu limesikika likipanda kona ya mwisho ya mlima. Remigi ameketi kizingitini. Gaudensia anakoleza moto ambao hauna sufuria juu yake. Athumani ameegemea ukuta, uso kwenye jua. Kila mmoja ameapa kwamba atakubali, na kila mmoja anasema kweli, na kila mmoja ataumia. Karatasi iko mezani, na kalamu iko katika mkono uleule ulioshikwa na marehemu. Editruda ameiinua. Ameishusha. Ameiinua tena.

Enyi mliokaa na kunisikiliza, gari limezima injini uani. Aliyeitunza bunduki ni yule aliyevunjwa mkono, au aliyevunja ndoa, au aliyezimikiwa na macho? Au ni huyu mjane, aliyeiosha kwa mapenzi? Mngeshika kalamu ninyi, mngeandika jina la nani?

Wakati mnafikiri, tumwombee mwenye wasia. Ee Bwana, umpokee Kanuti mtumishi wako, aliyeitwa mwongo naye alisema kweli. Umpe raha ya milele na mwanga usiozimika. Na huyu aliyeachiwa neno lake, umwongoze mkono. Amina.