Chungwa Lililoacha Rangi Kwao

"Chungwa la ugenini huacha rangi kwao." Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo juu ya bibi arusi asiyecheka, mkaja kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi, na mwenye kiu akanywe maji sasa, si katikati ya maneno. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha katikati ya Unguja, penye udongo mzuri wa michungwa, baharia aitwaye Pandu Vuai alirudi kutoka melini na mke. Mke huyo, Agata, alitoka Sisilia, kisiwa cha bahari ya Mediterania. Sandukuni mwake alileta vijiti vitatu vya mchungwa wa kwao vilivyozungushiwa kitambaa kibichi. Viwili vilikauka. Cha tatu alikipachika kwenye mche wa mdanzi, akakifunga vizuri, kikashika. Danzi lenyewe ni chungu, halina mlaji, lakini mizizi ya mdanzi haibagui udongo.

Agata alijifunza Kiswahili kwa kuuliza majina ya vitu, na vingi vilivyomzunguka vilikuwa matunda. Hili chenza, lile balungi, hii ndimu. Naye akawasimulia ya kwao. Pwani kuna malimau, mabondeni kuna machenza yanayochelewa kuiva hadi watu wamesahau msimu, na chini ya mlima utoao moto kuna machungwa ambayo ndani ni mekundu kama komamanga. Hapo wanawake walitazamana. Mize, dada yake Pandu, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, akasema labda huko machungwa huchinjwa. Walicheka, na Agata akacheka nao. Utani wa mawifi aliuelewa kabla hajayaelewa maneno yenyewe.

Desturi ya pale ilikuwa kwamba limbuko la mti mgeni haliliwi na mwenye mti peke yake. Majirani hualikwa, tunda hupasuliwa mbele yao, kila mmoja huonja na kuuombea mti. Siku hiyo Agata aliingoja kuliko mtu yeyote. Pandu alikuwa safarini. Agata alitandika mkeka, akachuma machungwa yote yaliyoiva, akapasua la kwanza. Lilikuwa la njano. Akapasua jingine, na jingine, hadi sinia likajaa vipande na mikono yake ikanata. Yote yalikuwa ya njano kama machungwa ya kila mtu.

Yalikuwa matamu sana. Hakuna aliyelisema hilo. Mzee mmoja aliomba dua fupi, wakatawanyika. Tangu siku hiyo wakamwita Bi Komamanga, si mbele yake, lakini si mbali naye pia. Na kila aliposema jambo analolijua, iwe dawa ya kikohozi au namna ya kupogoa matawi, hakukosekana mtu wa kumuuliza kama hilo nalo ni jekundu.

Alijifariji kwamba anaye shahidi. Pandu aliyala machungwa yale kwa kinywa chake, kulekule Sisilia. Akirudi atasema. Lakini Pandu hakurudi. Aliugua homa melini, akazikwa katika bandari ya mbali, na baharia mwenzake aliyeleta habari alishindwa hata kuketi.

Agata alikaa eda, na baada ya eda akabaki, maana kwao wazazi walikuwa wamekufa na nyumba imeuzwa. Mize naye aliolewa na fundi mbao wa Lushoto, kule milimani bara. Alipokuja kuaga, aliomba mche wa ule mchungwa. Alisema maneno ya wifi yake hayataki, lakini tamu ni tamu. Agata akampachikia mche, akampa.

Kila msimu Agata alipasua machungwa nyuma ya nyumba, peke yake. Njano. Dharau ya watu alikwisha kuizoea. Kibaya zaidi ni kwamba alianza kujitilia shaka mwenyewe. Labda yalikuwa mekundu ganda tu. Labda aliota. Lugha yake hakuwa na wa kuisema naye, na sasa tunda la kwao nalo lilikuwa limemkana. Akaacha kusimulia, kisha akaacha kupasua. Machungwa yakawa yanaanguka na kuliwa na ndege.

Miaka ikapita. Siku moja ya Julai Mize alirudi kijijini, na kabla ya kufika kwa ndugu zake akapitia kwa Agata, kikapu kichwani.

"Lete kisu, wifi."

"Machungwa yangu mabovu. Nenda kwa jirani."

"Si yako haya. Ni ya mti ulionipa."

Agata hakuinuka. Mize akaingia jikoni, akakitoa kisu mwenyewe, akapasua chungwa juu ya kiganja. Maji mekundu yakamtiririka hadi kwenye kiwiko.

Agata alilitazama. Kisha akauliza, "Huko kuna baridi?"

"Asubuhi ukisema neno, moshi unatoka mdomoni. Mwaka ambao baridi ni ndogo hutoka mabaka tu. Ikishika kweli, ndiyo haya."

"Kwetu chini ya mlima ni hivyohivyo. Mimi nilidhani wekundu ni wa mti, kumbe ni wa baridi."

"Nilikuita mwongo, wifi. Nisamehe."

"Hata mimi nilijiita," Agata akasema.

Habari haikuchelewa. Majirani walikuja, wakasimama mlangoni kama watu wa limbuko, wakingoja kugawiwa. Agata alikichukua kikapu, akakaa akiwapa mgongo, akamenya chungwa moja na kulila lote, kipande kwa kipande. Kisha la pili. Hakumpa mtu, wala hakuna aliyenyoosha mkono.

Alipomaliza, bibi mmoja alimuuliza kwa sauti ya chini kwa nini ule mti wa uani ulikataa kuwaonyesha wekundu wake miaka yote hiyo. Agata alifuta mikono kwa upindo wa kanga. Aliwatazama mmoja mmoja, na wengine wakainamisha vichwa, kwa sababu walijua jibu lake halitakuwa la mti peke yake.

"Chungwa la ugenini," akasema, "huacha rangi kwao."