Aliyefunga Siku Ile

Hapo zamani, lakini si zamani ya kusahau majina, ligi ilipolala na midomo ikaamka, watu sita walikaa katika ofisi ya klabu ya Nyuzi, mjini Korogwe.

Alikuwapo mwenyekiti, Bwana Erasto Mhina, karani mstaafu, ambaye hakuwahi kupiga mpira ila aliwahi kupigwa nao. Alikuwapo katibu, Bwana Zuberi Singano, ambaye alizijua habari zote za usajili kabla hazijatokea, na nyingi hazikutokea. Alikuwapo mweka hazina, Bibi Asumini Shemweta. Alikuwapo Omari Semboja, mshambuliaji wa zamani. Mashabiki humwita Kipanga, lakini jina alilopewa na baba yake ni Omari. Alikuwapo Leonadi Komba, mlinda mlango wa zamani. Gazeti liliwahi kumwandika Leo Kombo, na hapo palikuwa na makosa mawili katika maneno mawili. Alikuwapo Bakari Kilua, bawabu wa uwanja.

Hakuwapo Mzee Ayubu Kallaghe, mwasisi wa klabu, kwa kuwa alikuwa mgonjwa kitandani. Nyumba yake iko upande wa pili wa barabara, mkabala na ofisi. Madirisha ya pande zote mbili yalikuwa wazi, kwa hiyo kikohozi chake kilikuwapo.

Ukutani palikuwa na ubao wa mvule. Juu yake yaliandikwa, kwa rangi ya kijani, majina ya watu wa heshima wa klabu. Majina hayo husomwa kabla ya kila mechi ya nyumbani, na wachezaji husimama wima. Aliyeandikwa pale akifa, klabu humzika kwa bendera yake, na tangu siku anapoandikwa huhesabiwa mwenyeji wa mji, hata kama babu yake hakuzaliwa hapa.

Hili la mwisho lilimhusu Komba. Baba yake aliletwa kutoka Songea kuja kukata mkonge, na yeye akazaliwa kambini. Alikuwa amekaa Korogwe maisha yake yote, na bado watu walimwuliza atarudi kwao lini.

Ubao ulibaki na nafasi ya jina moja. Mzee Kallaghe alikataza usiongezwe hata shubiri. Alisema ubao ukirefushwa utageuka daftari la wapiga kura.

Basi wiki ile Bibi Asumini alimpelekea mzee uji. Mzee akanywa vijiko kadhaa, akasema, "Asumini, ile nafasi iliyobaki mpeni aliyefunga siku ile." Akageukia ukutani, akalala. Bibi Asumini akalileta neno kwenye kikao kama alivyolisikia.

Siku ile kila mtu aliijua. Ni siku Nyuzi walipowafunga Mawe Matatu, timu ya ng'ambo ya mto, bao moja kwa bila katika fainali ya kombe la mkoa. Nyuzi hawakushinda kombe lolote kabla ya siku hiyo, wala baada yake, kwa hiyo hapakuwa na hatari ya kuichanganya na siku nyingine. Lililosumbua lilikuwa neno moja, kufunga.

Omari Semboja akasimama wa kwanza. Alikuwa amevaa koti.

"Ndugu mwenyekiti, hapa hakuna kesi. Kufunga ni kufunga bao. Bao lilikuwa moja. Mfungaji alikuwa mmoja. Ndiye mimi."

"Omari mdogo wangu," akasema Bibi Asumini, "bao lile ulilifunga kwa kitu gani?"

"Kwa mwili wangu."

"Sehemu gani ya mwili?"

Semboja akautazama ubao. Mji mzima unajua kwamba alikuwa ameinama karibu na lango la Mawe Matatu, akifunga kamba ya kiatu. Beki wao akapiga mpira kwa nguvu zote ili kuuondoa. Mpira ukampiga Semboja makalioni, ukarudi wavuni. Yeye alijua kwamba amefunga pale wenzake walipomlalia.

"Vema," akasema. "Nilifunga kamba, nikafunga bao. Katika chumba hiki, nani mwingine amefunga mara mbili?"

"Mara tatu," akasema Bibi Asumini. "Msimu ulipoisha ulifunga virago."

Nalo ni kweli. Kombe likiwa bado halijapata kabati, Semboja alivuka mto, akapigwa picha akiinua jezi nyekundu ya Mawe Matatu na kuibusu. Siku hiyo ya picha alisema kwamba tangu utotoni moyo wake ulikuwa mwekundu. Alipowasili Nyuzi, miaka michache nyuma, aliwahi kusema moyo wake ulikuwa wa kijani. Daktari angependa kuuona moyo ule.

"Niliondoka dirisha la usajili likiwa wazi," akajibu Semboja. "Mlitaka nipite ukutani? Na kama mimi ni msaliti, rudisheni kombe."

Hakuna aliyejitolea kulirudisha. Upande wa pili wa barabara Mzee Kallaghe akakohoa. Mwenyekiti akasubiri kikohozi kiishe, akasema, "Anayefuata."

Leonadi Komba akasimama. Vidole vyake vya mkono wa kulia vimepinda, kila kimoja na mechi yake.

"Mimi sina maneno mengi. Lango halina mlango. Mlango wake ni mtu. Walipiga kushoto, nikafunga. Walipiga kulia, nikafunga. Walipewa penalti, nikafunga. Bao la Omari ni bao kwa sababu kwetu halikuingia hata moja. Lingeingia moja, leo Omari angekuwa anasimulia jinsi alivyoumia makalio."

Wakacheka. Semboja pia alicheka, kidogo.

"Na dirisha lilifunguliwa kila mwaka," Komba akaendelea. "Sikuondoka."

"Kaka Leonadi," akasema Singano, "hakuna aliyekuita."

Komba akafikiri. "Kweli. Hakuna aliyeniita."

Hapo kamati ikapata taabu kidogo, maana uaminifu wa mtu asiyeitwa haupimiki. Semboja akaona nafasi, naye hakuwahi kuipoteza nafasi akiwa amesimama wima.

"Nami nina swali. Ule mpira wa dakika ya mwisho, ulivuka mstari au haukuvuka?"

Swali hilo lilikuwa halijaulizwa mbele ya Komba tangu siku ile. Liliulizwa vinyozini, misibani na kwenye foleni za maji, lakini si mbele yake. Nitasema kilichoonekana. Mpira ulivuka. Komba akauvuta kwa vidole hivyo hivyo, akaulalia, na mwamuzi alikuwa anatazama upande wa jua.

"Mwamuzi hakupuliza," akasema Komba.

"Nimeuliza habari za mpira, sikuuliza habari za filimbi."

"Ungekuwa wewe, Omari, ungempelekea filimbi?"

Upande wa pili wa barabara Mzee Kallaghe akakohoa, safari hii kwa muda mrefu. Mwenyekiti akasubiri, akasema, "Anayefuata."

Bakari Kilua hakusimama. Alisema amesimama vya kutosha maishani.

"Hawa wawili wanajisifu kwa vitu vyenye wavu. Mimi nilifunga geti. Sheria ya uwanja ni kwamba waamuzi wakiingia, geti linafungwa. Waamuzi wakaingia, nikafunga. Mara mtu anabisha. Nikachungulia, nikamwona Shabani Mhando."

Shabani Mhando, kwa asiyemjua, alikuwa mshambuliaji hatari wa Mawe Matatu, aliyeitwa Radi. Alichelewa fainali kwa sababu alikuwa hotelini anakunywa chai na wakala kutoka Dar es Salaam, wakijadili atahamia wapi fainali ikiisha.

"Akasema, 'Fungua, mimi Radi.' Nikamwambia, 'Radi haihitaji geti, bwana. Ipite juu.'"

Hata mwenyekiti alicheka, akajificha kwenye leso.

"Akabaki nje mpaka mwisho," akasema Bakari. "Sasa niulizeni. Radi angeingia, huyu Komba angefunga nini?"

"Ningefumba macho," akasema Komba.

"Mnamsikia? Na baada ya mechi uongozi ukanisimamisha kazi, eti nimeuaibisha mji. Kombe mkalibusu, aliyefunga geti mkamfukuza. Mlinirudisha mlipoona hakuna mwingine anayeweza kuamka alfajiri."

"Bakari," akauliza Bibi Asumini, "waamuzi walipokwisha kuingia, muuza barafu hakuingia?"

"Aliingia."

"Geti likiwa limefungwa?"

"Lilifungwa kwa wachezaji. Palikuwa na joto, mama."

Mambo yakawa magumu. Katibu Singano akasema kwamba kama neno ndilo hilo, fainali ilichezwa Alhamisi, naye Alhamisi hufunga sunna, kwa hiyo siku ile hata yeye alifunga. Bibi Asumini akasema alimwona na barafu. Singano akasema aliishika tu. Mganga mmoja wa Mombo alikuwa amekwisha kutuma salamu kwamba ndiye aliyefunga miguu ya Mawe Matatu. Lakini ilijulikana kwamba alifunga na ya Nyuzi, kwa ombi la upande mwingine, na kamati haikumjadili.

Ndipo Leonadi Komba akasema, "Mbona mzee yu hai? Yupo hapo ng'ambo ya barabara. Twende tukamwulize alikusudia nini."

Hilo lilikuwa jambo la pekee ambalo halikufikiriwa na mtu mwenye cheo.

Semboja akasema si adabu kumsumbua mgonjwa. Hakuwa amekwenda kumwona tangu augue. Bakari akasema mgonjwa huweza kuchanganya majina, akataja kwa wema kwamba la kwake ndilo jepesi kukumbukwa. Singano akatazama saa, akasema basi linaingia saa kumi, na ndani yake yumo mshambuliaji mpya kutoka Kanda ya Ziwa. Jina lake alilitaja mara tatu kwa namna tatu, kwa hiyo mimi sitalitaja. Akasema mashabiki wamekwisha kwenda stendi na ngoma.

"Mimi jioni nampelekea uji," akasema Bibi Asumini. "Nitamwuliza."

"Hapana, Bibi Asumini," akasema Bwana Mhina. "Swali la kamati huulizwa na kamati. Halipelekwi na uji. Tutakwenda sote kwa pamoja, usajili ukimalizika. Dirisha likifungwa, tutakwenda."

"Kwa hiyo nikimpelekea uji nifunge mdomo?"

"Ufunge."

Naye, kwa kuwa aliheshimu kikao, akafunga.

Wakaenda stendi. Basi likaingia, likashusha abiria, magodoro na kuku. Mshambuliaji hakushuka. Kesho yake wakaenda tena, Singano akiwa na habari kwamba alishukia Segera kwa bahati mbaya. Basi likashusha abiria, magodoro na kuku. Siku ya tatu ngoma zilipungua, lakini viongozi walienda wote. Hakuna klabu isiyo na muda wa kumpokea mtu asiyekuja.

Leonadi Komba hakwenda stendi. Siku ile ya kwanza alivuka barabara, akasimama mbele ya nyumba ya Mzee Kallaghe. Mlango haukuwa umefungwa. Ulirudishwa tu, kidole kimoja kingetosha. Akasikiliza kikohozi. Kisha akaenda zake. Baadaye Bibi Asumini alimwuliza kwa nini hakuingia, wakati mwenyewe ndiye aliyetaka waulize. Akajibu, "Dada, kabla sijauliza mimi ni mmoja wa watatu. Nikisha kuuliza, huenda nikawa mtu wa Songea."

Basi enyi mnaosikiliza, ubao uko pale pale na nafasi yake moja. Omari Semboja alifunga bao bila kujua, kisha akaondoka akijua. Leonadi Komba alifunga lango lote isipokuwa mara moja, na hakuondoka kwa kuwa hakuitwa. Bakari Kilua alifunga geti kwa sheria, akalifungua kwa barafu. Bila wa kwanza hakuna bao. Bila wa pili hakuna ushindi. Bila wa tatu Radi angepiga. Je, nani alistahili? Na kama neno ni kufunga tu, Bibi Asumini, aliyekaa karibu na jibu akiwa na kijiko mkononi, tumweke wapi?

Msiniulize mimi, wala msivuke barabara kwenda kumwuliza mwenye neno. Dirisha la usajili lilifungwa Jumamosi. Mzee Ayubu Kallaghe alifariki Ijumaa.