Machicha na Maji ya Pili

"Usitupe machicha kabla ya maji ya pili." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo dada yenu, nanyi mkadhani wanazungumzia pombe. Mnanichekesha! Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Ufipa, na mimi nilisimuliwa na bibi yangu.

Oresta alikuwa mke wa Kapufi. Miezi sita baada ya ndoa, Kapufi alikwenda kukata mkonge Tanga, akakaa miaka minne. Shati alilomwachia mkewe halikufuliwa, hata harufu yake ilipokwisha. Oresta alimtamani mumewe mpaka mifupa ikamuuma.

Mwaka wa nne ikaja habari kwamba Kapufi angefika baada ya wiki moja. Kwa desturi yetu, mume aliyetoka mbali hupokewa mlangoni kwa kibuyu cha pombe ya ulezi iliyopikwa na mkewe. Lakini mvua ilikuwa mbaya mwaka ule, na kimea cha Oresta hakikujaza hata ungo. Akakimwagia maji ya moto kwa pupa, akakoroga, akachuja. Haikupatikana hata nusu mtungi. Akayabeba machicha akawape kuku.

"Onja kwanza," alisema mama mkwe wake.

Akaonja. Yalikuwa matamu bado.

"Una haraka, mwanangu. Leta maji mengine, ya moto lakini yasiyochemka. Mwaga polepole, kata kwa kata, uyaache yapite yenyewe."

Mtungi ukajaa.

Kapufi alifika amekonda. Alikunywa kibuyu mlangoni, akashukuru kama mgeni, akaketi.

"Ulinikumbuka?" Oresta alimuuliza.

"Nimechoka."

Siku tatu hakuongeza neno. Jamani, kumtamani mtu aliye mbali ni mzigo, lakini kumtamani aliyeketi mbele yako ni adhabu! Siku ya nne Oresta alifunga kanga zake arudi kwao. Mama mkwe akamkuta uani.

"Umemuuliza mara ngapi?"

"Mara moja, Mama. Mkonge umemkamua, hakuna kilichobaki."

"Hata kimea ulikidhania hivyo."

Oresta aliweka furushi chini. Alichota pombe, akaketi karibu na mumewe, akaushika mkono wake uliojaa makovu. Safari hii hakuuliza kama alikumbukwa.

"Kovu hili ulilipata wapi?"

Kapufi aliyatazama makovu yake. Oresta akangoja. Kisha Kapufi akaeleza kovu la kwanza, halafu la pili, na alipofika la tatu akaliacha, akamgeukia mkewe.

"Kila jioni nilikuwa nasema, sasa Oresta anawasha moto. Miaka minne, kila jioni. Niliporudi nikaogopa kuuliza kama bado ni moto wangu."

"Ni wako," Oresta alisema, akilia.

Lile furushi lililala uani mpaka asubuhi, likalowa umande. Na dada yenu naye leo amefunga lake ili amwache mumewe, mmeliona. Ndiyo maana shangazi amemwambia: usitupe machicha kabla ya maji ya pili.