Kibwana na Santuri ya Mzee Mhando

Mwiga santuri huiga na mkwaruzo. Mmeisikia, mmecheka, sasa mnauliza imetoka wapi. Haya, methali hii ilianza hivi.

Kule Ngomeni, kwenye mashamba ya mkonge, kulikuwa na bendi ya dansi, Ngomeni Jazz. Mpuliza saksafoni wao alipozeeka akaacha, kiongozi wa bendi, Mzee Mhando, alimwita Kibwana, mfanyakazi wa kiwandani. Akamkabidhi saksafoni ya bendi na santuri moja ya bingwa wa Marekani.

"Kajifunze kwa wakubwa," alimwambia. "Miezi mitatu. Ukishindwa, chombo kinarudi, nampa yule jamaa wa Korogwe anayekitaka."

Kibwana hakuwa na saksafoni nyingine, wala ndoto nyingine. Kila akitoka kazini, mikono bado inamwasha kwa utomvu wa mkonge, aliweka santuri kwenye gramafoni, akapuliza, akarudia, mpaka midomo ikavimba. Jirani akigonga ukuta, yeye anaongeza sauti! Alikariri kila kitu, hata pale bingwa anapovuta pumzi.

Siku ikafika. Jamaa wa Korogwe keshakaa kwenye benchi, miguu kaikunja, anasubiri. Kibwana akafumba macho, akapuliza. Jamani! Ilitoka vilevile, ungeapa ni yule Mmarekani. Mpaka katikati: ti-ta, ti-ta, ti-ta, kisha pwaa! akarukia mbali. Shemdoe, mpiga ngoma, akabaki fimbo ziko hewani.

"We Kibwana, umeruka mtaro?"

Watu wakaangua kicheko.

"Ndivyo bingwa alivyopiga," Kibwana akajitetea.

"Bingwa gani!" Mzee Mhando akasema. "Huo ni mkwaruzo. Santuri hiyo niliiangusha mwenyewe siku ya harusi yangu. Sindano ikifika hapo, inaruka."

Kibwana alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sikiliza, mwanangu. Yule bwana alichukua sauti tatu tu, akazigeuza kama chapati mpaka zikawa wimbo mzima. Wewe umeniletea chapati yake, tena ya jana."

Jamaa wa Korogwe akainuka, akanyoosha mkono apewe chombo. Kibwana akakikumbatia.

"Bado, kaka. Kaa. Mzee, naomba mara moja tu."

Sauti tatu. Zipi? Akakumbuka king'ora cha kiwanda kinachomwamsha kila alfajiri: chini, juu, katikati. Akazipuliza kama zilivyo. Akazigeuza. Akazichelewesha, kama mtu anayegoma kuamka. Mara kidole kikateleza, sauti mbovu ikatoka! Shemdoe akaguna. Kibwana hakusimama. Akairudia ile mbovu makusudi, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka ikawa tamu kuliko zote, na Shemdoe mwenyewe akajikuta anaifuata kwa ngoma.

Alipomaliza, jasho lilikuwa linamtiririka.

"Wimbo huo wa nani?" Mzee akauliza.

"Wangu, mzee. Nadhani ni wangu."

Mzee Mhando akanyoosha mkono. Kibwana akaanza kuvua mkanda wa saksafoni shingoni.

"Hicho baki nacho," Mzee akasema. "Nirudishie santuri yangu."

Tangu siku hiyo, mtu wa Ngomeni akimwona mwenzake anafuata tu bila kufikiri, humwambia: mwiga santuri huiga na mkwaruzo.