Kwa Nini Kanisa la Irondo Halifungi Mlango Wakati wa Ukungu

Kabla mlima wa Irondo haujawa na kanisa, watu wake hawakuitika walipoitwa. Nawaeleza ninyi mnaojiandaa na kipaimara kwa sababu Jumapili iliyopita mmoja wenu aliinuka akafunge mlango, eti baridi imezidi, na wazee wakamkemea bila kumpa sababu. Sababu mimi nilipewa na bibi yangu Nakijwa, mama mzazi wa baba yangu. Yeye alikuwepo.

Ukungu wa huku mnaujua. Majira ya baridi hupanda kutoka korongoni, ukameza migomba, ukameza nyumba, mpaka mtu haoni mkono wake mwenyewe. Zamani hizo ulikuwa na jambo jingine. Uliita. Ulimwita mtu kwa jina lake, tena kwa sauti ya mtu anayempenda: mama yake, mumewe, rafiki yake aliyehamia mbali. Aliyeitika aliacha alichokuwa akifanya, akatoka taratibu, uso umetulia kama wa mtu anayekwenda kwa jirani kuomba moto. Hakuonekana tena. Walimtafuta korongoni wasipate nguo wala mfupa.

Ndipo wazee wakaweka amri kwamba ukungu ukipanda, mtu asiitike. Watoto walifundishwa kuziba masikio kabla hawajafundishwa kusalimia. Mama aliyemtaka mwanawe alimfuata alipo, akamshika mkono bila kutamka jina. Mlima mzima ulinyamaza mpaka jua litoke.

Siku hizo alikuwepo mhunzi mmoja, jina lake Mzirai, na kiwanda chake kilikuwa karibu na ukingo wa korongo. Mkewe aliitwa Namkunda. Walikuwa hawajajaliwa mtoto, lakini nyumba yao ilikuwa na raha. Aliyepita njia ile alisikia vicheko vyao kabla hajasikia nyundo.

Asubuhi moja Namkunda aliteremka kijitoni kuchota maji, anga likiwa safi kabisa. Hakuwa amerudi ukungu ulipopanda. Mzirai alikuwa akifua jembe la Mzee Mshitu, mkubwa wa wazee walioshika ile amri, na mzee mwenyewe alikuwa ameketi pale akilingoja. Wakasikia sauti kutoka korongoni.

"Mzirai! Nimeteleza! Nimeshika mzizi, njoo unipe mkono!"

Mzirai akatua nyundo.

"Usiitike," Mzee Mshitu akamwambia. "Ndivyo ukungu unavyoita. Unamjua kila mtu."

"Mzee, huyu ni Namkunda."

"Hata mdogo wangu alisema hivyo hivyo, ni mama huyu. Akaenda. Keti, mwanangu."

Mzirai akaketi. Akashika mvukuto, akauvuta kwa nguvu ili upepo wake umzibe masikio. Sauti iliendelea. Ililia, ikamtaja mama yake, ikamtaja tena Mzirai. Mwisho ikasema polepole, kama mtu anayeuliza jambo dogo tu, "Kwani hunisikii?" Halafu kukawa kimya.

Ukungu ulipoondoka, Mzirai aliteremka. Alimkuta Namkunda chini kwenye mawe, mwili ungali na joto. Kucha zake zilikuwa zimejaa udongo, na mkononi alikuwa na kipande cha mzizi uliokatika.

Bibi yangu alisema Mzirai hakulia siku ya maziko. Aliuacha moto wa kiwandani ukazimika, akawa anakaa mlangoni akitazama njia ya kijitoni. Kisha ukungu ukapanda tena, na humo ndani Namkunda akaita.

"Mzirai, njoo."

Alijua wazi kwamba mkewe yuko kaburini. Yeye mwenyewe alikuwa amemfukia. Lakini alikuwa amekataa kumwitika akiwa hai, na hakuweza kumkatalia tena. Akasimama. "Nipo," akasema, akaingia kwenye ukungu.

Humo ndani hakusikia kijito wala ndege, wala hata nyayo zake mwenyewe. Alitembea akifuata sauti, mpaka akaona watu. Walikuwa wamesimama ukingoni mwa korongo, wamempa mgongo, wametulia kama miti. Matone ya maji yaliwakaa kwenye nywele kama umande kwenye utando wa buibui. Mmoja alimtambua kwa bega lake lililoinama, alikuwa mjomba wake, aliyepotea Mzirai akiwa bado anabebwa mgongoni na ambaye wakubwa walimsimulia habari zake. Hakuwa amezeeka. Pumzi ya Mzirai ilitoka kama moshi kwa baridi ile. Zao hazikutoka.

"Njoo," Namkunda akasema kutoka mbele. Mzirai akainua mguu, na chini ya mguu hapakuwa na kitu.

Hapo ndipo alipoitwa mara nyingine. Hii haikuwa sauti ya mkewe, wala ya mtu yeyote aliyewahi kumjua. Haikuwa kubwa. Lakini Mzirai, ambaye hakuwaogopa wale wafu, aliiogopa hii.

"Mzirai, watu wangu wako wapi?"

Akajibu akitetemeka, "Wako majumbani, Bwana. Wameziba masikio."

"Nenda ukawaitikie wanapoita."

Akaurudisha mguu. Nyuma yake Namkunda aliita tena, safari hii akilia, na Mzirai naye akalia kwa mara ya kwanza tangu amzike, lakini hakugeuka. Alipokuwa akiondoka, wale waliosimama ukingoni waligeuza vichwa vyao wote pamoja, wakamsindikiza kwa macho.

Tangu hapo, kila ukungu ulipopanda, Mzirai alisimama ukingoni akipaza sauti: "Nipo! Nani anaita?" Watu walisema amerukwa na akili. Mzee Mshitu alimfuata akamwambia, "Unawafundisha watu kufa."

Muda si mrefu akapita mwinjilisti kutoka misheni ya bondeni, Petro Mjema, mtu mrefu mwenye kikohozi. Alimsikia Mzirai kabla hajamwona, akakaa chini karibu yake, akamwuliza ametumwa na nani. Mzirai akamsimulia yote.

"Ulijuaje kwamba sauti ya pili si ukungu?" Petro akauliza.

"Ukungu haujawahi kuniuliza habari za mtu mwingine," Mzirai akajibu.

 Petro akasema, "Ndugu yangu, nimepanda mlima huu kuwaletea habari zake. Kumbe amenitangulia."

Mzirai akateremka naye. Alibatizwa, akasoma, akakaa huko miaka, na aliporudi alikuwa mchungaji mwenye mvi. Alijenga kanisa papo hapo ukingoni, mlango wake ukitazama korongo. Watu walimsihi alijenge kule juu penye jua. Akakataa. Mzee Mshitu, aliyekuwa sasa mkongwe wa kutembelea fimbo, akaapa kwamba hatakanyaga humo.

Siku ya ibada ya kwanza ukungu ulipanda. Mlango ulikuwa haujatiwa ubao bado, basi ukaingia ndani, ukajaa katikati ya mabenchi, watu wakawa wanaonana kama vivuli. Waliokuja walikuwa wachache, bibi yangu Nakijwa mmoja wao, msichana aliyekuwa karibu kuolewa. Mchungaji Mzirai alikuwa akisoma neno sauti ilipotoka korongoni.

"Nimevunjika mguu! Jamani, nisaidieni!"

Ilikuwa sauti ya Mzee Mshitu.

Watu wakaziba masikio. Wengine wakashikana. Mwanamke mmoja akasema, "Mchungaji, usiitike, tunakuomba." Mzirai alifunga kitabu, akaenda mlangoni. 

"Nipo!" akapiga kelele. "Tupo hapa! Endelea kuita, mzee, tunakuja!" Kisha akawageukia. "Huenda ni yeye, huenda si yeye. Mimi siwezi kukaa tena nikavuta mvukuto. Nani anakuja nami?"

Mwanzo hakuinuka mtu. Halafu mmoja akainuka, kisha mwingine. Wakatoka wakishikana nguo, kila mmoja nyuma ya mwenzake, Mzirai mbele na Nakijwa mwisho kabisa. Waliteremka wakiitikia njia nzima, na sauti ikawajibu, mpaka wakamkuta Mzee Mshitu amekwama kwenye mawe, mguu umepinda, fimbo imevunjika. Alikuwa mzima. Alimshika Mzirai shingoni akalia kama mtoto, akisema, "Umeniitikia mimi? Mimi?"

Wakambeba, wakapanda. Na hapo njiani, bibi yangu, ambaye nyuma yake hapakuwa na mtu, alihisi upindo wa shuka lake umeshikwa.

Haukuvutwa, alisema. Ulishikwa tu, kama mtu mgeni wa njia anavyomshika anayemwongoza. Baridi ya mkono ule ilipenya shuka ikamfika mgongoni. Hakugeuka wala hakupiga kelele. Alitembea mpaka kanisani, akaketi benchi la mwisho karibu na mlango, na alipoketi, akasogea kando kumpisha aliyemshika.

Na tangu siku hiyo ukungu wa Irondo haukuita mtu tena. Na tangu siku hiyo, ukungu ukipanda, mlango wa kanisa letu haufungwi, na mchungaji haanzi ibada mpaka asimame mlangoni na kuliambia korongo, "Tupo hapa." Benchi la mwisho tunaliacha wazi. Baada ya ibada huwa limelowa maji, nanyi mnaofanya usafi mtalikuta hivyo. Msiogope, wala msiulize ni nani. Lifuteni taratibu.