Samaki wa Bi Siwatu

Kukauka kwa dimbwi si kwisha kwa samaki. Ndivyo wasemavyo, nanyi wajukuu zangu mmetaka kujua nani aliyetangulia kusema. Methali hii ilianza hivi.

Bondeni Rufiji aliishi mjane mmoja, Bi Siwatu. Kando ya shamba lake palikuwa na dimbwi la mvua lenye visamaki vyekundu, urefu wa kidole. Ndicho kilichokuwa kitoweo chake, na hakukibadilisha kwa nyama. Mila ya pale ilikuwa hivi: dimbwi lenye samaki halilimwi, lisilo na samaki hupewa anayeliomba.

Shemeji yake, Mkumba, alikuwa fundi wa kuvizia. Kiangazi kilipolipasua tope, aliwaita wazee, akawaonyesha nyufa, akaomba apande mpunga. Wazee walitazama, wakaona ana haki.

Siwatu akasema samaki wamo. Watu walicheka, naye nusura acheke, maana alikuwa amesimama juu ya tope kavu. Lakini kila masika aliwaona wakitokea, na hakuna mto unaofika pale.

"Mayai yamo humu," alisema. "Shemeji achimbe bonge la tope mwenyewe, alitie kwenye chungu chake, amimine maji ya kisima chake. Wiki ikipita bila samaki, alime."

Mkumba alikubali upesi. Siwatu alirudi nyumbani akijilaumu. Alijua yapo mayai yasiyoamka kwa maji ya kwanza. Tena chungu kiko kwa huyo huyo anayelitaka dimbwi. Akikimwaga, nani atajua? Siku tatu alishinda akitazama njia ya kwa Mkumba.

Siku ya nne asubuhi Mkumba alikuja polepole, amekumbatia chungu. Ndani yake vijisamaki vyembamba kama nyuzi vilikuwa vikikimbizana. Siwatu alivitazama mpaka machozi yakamlengalenga.

"Nilitaka kuwamwaga, shemeji," Mkumba alisema. "Nimewaona tangu jana. Nikainua chungu, nikaona haya, nikakitua."

"Haya ya nani, na ulikuwa peke yako?"

"Ya hawa samaki. Wao wamengoja masika ndani ya tope lililopasuka. Mimi mwenye kivuli na maji nimeshindwa kungoja."

Siwatu akacheka kwa furaha, akamkaribisha uji. Wazee walipoletewa habari walimwachia Siwatu dimbwi lake, na Mkumba ndiye aliyezunguka kijijini akiwaambia watu, bila kuficha aibu yake: kukauka kwa dimbwi si kwisha kwa samaki.