Majivu ya Kalunde

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo pakawa ya nani, ya mgonjwa? Nasema, paukwa!

Pakawaaa!

Ehe. Sasa mko macho. Palikuwa na nini?

Palikuwa na ziwa!

Na kando ya ziwa?

Kibanda!

Na ndani ya kibanda?

Hatujui, Bibi, hatujafika!

Basi sogeeni, tutafika wote. Njia ni ndefu na magoti yangu mnayajua. Atakayenikatiza katikati ya safari atanibeba mgongoni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakipiga hodi kwenye nyumba za watu, na watu wakiwaitikia karibu, palikuwa na ziwa katikati ya pori. Ziwa hilo halikuwa na jina, maana hapakuwa na mtu wa kuliita. Ukitoka kijijini ulitembea, ukatembea, ukatembea, ukavuka mbuga yenye mbung'o, ukavuka miombo, ndipo ukaona maji yanameremeta kati ya miti.

Kando ya maji hayo Mihayo na mkewe Kalunde walijenga kibanda. Mihayo alikuwa mrina asali. Mizinga yake aliitundika kwenye miti iliyozunguka ziwa, na kila kiangazi, nyasi zikishakauka, alifunga mzigo wake, Kalunde akafunga wake, wakaenda. Kijijini watu waliwaonea huruma. "Masikini, wanakwenda kulala na fisi." Masikini wapi! Wenyewe walikuwa wakikingoja kiangazi kama watoto wanavyongoja sikukuu.

Kibanda chenyewe kilikuwa kidogo. Nguzo moja katikati, fito pembeni, udongo, nyasi juu. Mlango wake mfupi, hata chifu angeingia kwa kuinama. Ndani kitanda cha kamba, mtungi wa maji, mafiga matatu. Basi. Lakini niwaambie, wajukuu zangu: ukifungua mlango ule asubuhi, ukungu umelala juu ya maji, korongo amesimama kwa mguu mmoja kama amesahau wa pili ameuweka wapi, na nyuma yako moshi unapenya nyasi za paa taratibu, huulizi kesho kuna nini. Mimi nikipataja mahali pale, moyo wangu unataka kufunga mzigo.

Kalunde alikuwa na mambo yake. Akifika tu, kabla hajatua mzigo, anasimama mlangoni.

"Hodi! Hodi! Hodi wenyewe!"

"Unambishia nani hodi?" Mihayo alicheka. "Wenyewe si sisi?"

"Sisi ni wenyewe wa kiangazi. Masika unajua ni nani?"

Kisha anaingia, anawasha moto, na moto huo hauzimiki mpaka siku ya kuondoka. Siku hiyo alifukia makaa kwa majivu, akayashindilia kwa kiganja, pa, pa, pa. "Lala," aliuambia moto. "Tutarudi."

Wageni hawakukosekana. Jioni alikuja Fisi Maji, yule mla samaki wa ziwani, manyoya yanachuruzika. "Hodi, Mama Kalunde! Naomba kuota moto." Kalunde akamjibu, "Karibu mwanangu, kaa, vichwa vya samaki vyako hivyo." Alikuja na Nyegere, yule mwizi wa mizinga, mfupi, mbishi, matege. "Hodi, dada yangu!" Mihayo akashika fimbo. "Dada yako tangu lini?" Nyegere akasema, "Tangu aliponipa sega. Na wewe ni shemeji yangu, upende usipende." Kalunde alicheka mpaka akakaa chini, na akampa sega la pili.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Kiangazi kikaja, kikaenda. Kikaja, kikaenda. Nywele zao zikaanza kuingia mvi, na kibanda hakijapata hata ufa.

Masika moja, huko kijijini, Kalunde akashikwa na homa. Wakamtafutia dawa za mizizi, wakamtafutia dawa za majani, wakamtafutia mganga wa mbali. Haikusaidia. Kalunde akafa, wakamzika kwao, karibu na kaburi la mama yake. Mihayo alikaa msibani. Watu wakimpa pole anaitikia, wakimpa chakula anakishika mkononi mpaka kinapoa.

Kiangazi kilipofika alifunga mzigo mmoja, akaenda peke yake. Akatembea, akatembea, akatembea. Akafungua mlango. Mwiko wa Kalunde ulikuwa umechomekwa kwenye fito, vile vile. Kanga yake kuukuu ilikuwa kambani, vile vile. Na jikoni, juu ya majivu, palikuwa na alama ya kiganja. Vidole vitano, na cha mwisho kimepinda, kama kilivyokuwa tangu utoto wake.

Mihayo akakaa chini akalia. Kwa nini asilie? Kule kijijini alikuwa ameachiwa kaburi, na makaburi yote yanafanana. Hiki kilikuwa kiganja cha Kalunde mwenyewe. Hapo hapo akaapa kwamba moto hautawashwa kwenye mafiga yale maisha. Akapika nje kwenye upepo, akala ugali wenye mchanga, na usiku akalala gizani kando ya kiganja.

Jioni moja akaja Fisi Maji.

"Hodi, Baba Mihayo! Baridi imenipiga. Naomba kuota moto."

Mihayo hakufungua mlango. Akaimba:

*Rudi, mgeni, rudi,*
*majivu ya Kalunde hayazolewi,*
*jiko la Kalunde haliwashwi,*
*rudi, mgeni, rudi.*

Itikieni basi! Wimbo hauimbwi na mdomo mmoja.

Rudi, mgeni, rudi!

Fisi Maji akarudi majini na baridi yake. Mihayo aliporudi kijijini aliuziba mlango kwa miiba, asiingie mtu, asiingie mnyama, usiingie upepo.

Kiangazi cha pili alikuta paa limelegea kidogo. Akasema, ni umri. Mimi pia nimelegea. Akaja Nyegere.

"Hodi, shemeji! Mbona nyumba hainuki moshi?"

"Nyumba ni yangu."

"Ni ya dada yangu. Fungua. Sikuja kuomba asali leo. Nimekuja kumlilia dada yangu, na kwetu hatulilii nje."

Mihayo alisikia neno hilo likimchoma. Mkono ukafika mlangoni. Kisha akatazama jikoni, akafikiria Nyegere na miguu yake matege akikanyaga kanyaga mle ndani, akaimba:

*Rudi, mgeni, rudi,*
*majivu ya Kalunde hayazolewi,*
*jiko la Kalunde haliwashwi,*
*rudi, mgeni, rudi.*

Nyegere alilia nje kwa sauti mpaka jua likatua. Njiani akaangusha mzinga mmoja kwa hasira. Nyegere ni Nyegere.

Kiangazi cha tatu Mihayo alifika akasimama. Kibanda kimeinama upande kama mlevi anayesikiliza siri. Ndani, juu ya kitanda, juu ya mtungi, juu ya mwiko, kuna unga laini wa mti. Kiganja kipo, ila nacho kimeanza kunyunyiziwa unga. Mihayo akapuliza unga ule taratibu, akajilaza. Kila siku unga ukarudi, naye akaupuliza, mpaka mchana mmoja kiangazi kikikaribia mwisho, pori liko kimya. Ndipo akasikia, krr, krr, krr.

"Nani huyo anayekula kwangu?"

"Ni mimi, Mchwa," ikasema sauti ndani ya nguzo. "Mimi na ndugu zangu. Samahani, nina chakula mdomoni."

"Mbona hukupiga hodi?"

"Nani hupiga hodi kwenye kichuguu chake?" Krr, krr. "Miaka yote nilikuwa nafika mpaka kwenye kizingiti. Moshi wa mkeo unaniwasha macho, unanikaba koo, nageuka. Nyasi zinanuka moshi, fito zinanuka moshi, nguzo ndiyo usiseme. Nilimchukia mwanamke yule! Halafu ukaja wewe, Mihayo. Ukazima jiko. Ukawafukuza wageni waliotaka kuwasha. Ukatufungia mlango kwa miiba tusisumbuliwe. Nikawaambia watoto, huyu ndiye mwenyeji."

"Mimi sikukukaribisha!"

"Nani mwingine? Mkeo alinifukuza. Wewe ndiye uliyenikaribisha."

Huko nje ngurumo ikapita juu ya ziwa. Mvua za kwanza zilikuwa zinakuja kabla ya wakati wake, na upepo umeshatangulia. Ukapiga kibanda mara ya kwanza, fito zikalia. Ukapiga mara ya pili, nyasi zikaruka. Ukapiga mara ya tatu, nguzo ya katikati ikasema ka!

Nguzo ikianguka, paa litaanguka. Paa likianguka, mvua itaingia, na kiganja kitakuwa tope. Kibanda kimekwenda na kiganja kimekwenda. Mihayo aliliona hilo kama ninavyokuona wewe unayejikuna.

Alitoka na shoka lake. Akakata gogo lenye panda, akarudi akaegemeza nguzo. Lakini chini, pale nguzo inapoingia ardhini, mchwa walikuwa wamejaa, weupe, wanapanda kwa wingi. Hata gogo jipya wangelimaliza. Na nyie watoto wa wakulima, semeni: mchwa humwagiwa nini shinani?

Majivu!

Majivu. Na katika pori lote lile, majivu makavu yalikuwa mahali pamoja tu. Yale ya nje, alikopikia, upepo ulikuwa umeshayapeperusha.

Mihayo akapiga magoti jikoni. Hapo ndipo Mchwa alipotoa kichwa kwenye nguzo, na hofu imemwingia.

"Mihayo! Ndugu yangu! Hayo huyagusi! Mtu mzima ana neno lake!" Akaanza kuimba, na mchwa wote wakamwitikia kutoka kwenye nguzo, kwenye fito, kwenye paa:

*Majivu ya Kalunde hayazolewi,*
*jiko la Kalunde haliwashwi!*

Mihayo aliusikia wimbo wake kwenye vinywa vya mchwa. Akautazama mkono wa mkewe kwa mara ya mwisho, kidole kwa kidole, mpaka kile kilichopinda. Akaweka kiganja chake juu yake. Cha kwake kilikuwa kikubwa, kikakifunika chote.

"Nisamehe, Kalunde," akasema. "Nilidhani nakutunza."

Akazoa. Akamwaga shinani mwa nguzo, pande zote. Akamwaga kwenye kizingiti. Akamwaga kwenye fito, mpaka majivu yakaisha. Kisha akawasha moto katikati ya mafiga matatu, akaweka na majani mabichi. Moshi ukajaa ndani, ukapanda, ukapenya paa. Mchwa walikohoa, wakalaani, wakashuka wakaondoka kwa mistari. Mvua ikanyesha usiku kucha, na kibanda kikasimama.

Asubuhi Fisi Maji alikuwa majini akaona moshi. Nyegere alikuwa mtini akaona moshi. Wakaja wanakimbia.

"Hodi!"

"Karibuni," Mihayo akasema, na mlango ulikuwa wazi. "Shemeji, ingia umlilie dada yako. Na mimi nitakusaidia."

Wakalia wote watatu, wakala, na katikati ya kula Nyegere akakumbusha lile sega la pili, wakacheka.

Tangu siku ile Mihayo akiondoka hakuziba mlango. Aliacha kuni kavu ndani, na maji mtungini, kwa yeyote atakayepita. Akazeeka, miguu ikakataa safari, akawa anakaa tu kijijini. Warina asali wakirudi kutoka porini walipita kumsalimu.

"Shikamoo, Babu. Tumeona moshi kule ziwani, kwenye kibanda chako."

Hakuuliza kamwe nani amewasha. Aliuliza kitu kimoja.

"Ulikuwa mwingi?"

"Mwingi, Babu."

"Basi kibanda kile ni cha Kalunde," alisema, na siku hiyo alikula akashiba.

Hadithi nimeitua hapa. Somo lake ni hili: marehemu akikuachia jiko, pika. Ukilifunga kwa mapenzi, watakaofaidi ni mchwa.

Unasemaje, mjukuu? Mchwa walikwenda wapi? Walihamia kwa mjomba wenu, yule anayesema kupika ni kazi ya wengine. Katazameni paa lake.

Haya, aliyeipenda aibebe, aliyeichoka aniletee ukuni, maana huu moto nao mnautazama tu kama picha.